Faini ya Nahodha

Mara hii nilipoingia nchini niligongewa muhuri wa mgeni: siku tisini, matembezi. Binti wa uhamiaji alisoma pasipoti, akaniangalia usoni, akacheka. "Jina la Kisukuma kabisa hili, baba. Ulipoteaje?" Nikamwambia nilifuata mpira. Ni kweli, ila si mpira anaoufikiria yeye.

Mimi ni mzaliwa wa Nkoma, mbele ya Bariadi, mtoto wa kwanza wa mkulima wa pamba. Kriketi niliikuta shule ya bweni, mwalimu aliponiona nikirusha mawe. Mkono ulishafundishwa na ng'ombe wa mzee. Baadaye nikaenda nchi moja ya kusini kutafuta kazi, nikacheza huko miaka mingi, hadi wakanitaka timu ya taifa. Tanzania haitaki mtu mwenye uraia wa nchi mbili. Nikaurudisha wa kwetu, nikachukua wa kwao, na mwishowe nikawa nahodha. Baba alipoonyeshwa video alisema, "Naona watu kumi na mmoja wamesambaa wanachunga, ila ng'ombe siwaoni." Basi kila nikipiga simu ni utani huo huo: leo mmewapata?

Asubuhi tuliyocheza na Tanzania nilijua kwamba mzee yuko hoi. Nalisema hili maana watu wamenisingizia wema, eti sikujua. Nilijua. Kwenye mashindano yetu wachezaji hukabidhi simu kabla ya mechi, watu wa kamari wasitufikie. Meneja hupita na mfuko wa kitambaa. Aliponifikia, simu yangu ilikuwa inaita, namba ya mama. Wenzangu wote macho kwangu, na siku hiyo kila mmoja alikuwa anajiuliza moyo wa huyu mgeni uko upande gani. Nikaitumbukiza kwenye mfuko wa meneja ikiita vile vile. Nikajiambia nitapiga jioni. Tulishinda. Jioni nikaambiwa amefariki.

Kwetu mtoto wa kwanza ndiye anayetangulia kutia udongo kaburini. Walinisubiri siku mbili, nami nikachelewa, akatia mdogo wangu. Na kijijini asiyefika msibani hutozwa faini. Asiyefika msiba wa baba yake mzazi, hapo wazee hukuna vichwa kwanza. Wakasema ng'ombe dume. Nikatoa, akachinjwa, watu wakala, wakanawa mikono, wakasema yameisha. Kwao yaliisha kweli. Hakuna aliyenitupia neno mpaka leo, na hilo ndilo linaloniuma, maana ningetukanwa walau ningepata pa kujibia.

Kwangu hayakuisha. Nikisimama uwanjani, katika kile kimya kabla mpira haujarushwa, nilikuwa nasikia simu inaita. Siku moja nilisimamisha mchezo nikamuuliza mwamuzi ni simu ya nani. Hakuna mwingine aliyesikia kitu. Niliacha unahodha kwa ajili hiyo. Wao niliwaambia ni goti.

Safari hii nimekuja na swali moja tu: baba alitaka kuniambia nini. Labda alitaka kunilaani, labda kunibariki, yote ningeyabeba, mradi niyajue. Siku tatu nilishindwa kufungua mdomo. Ya nne tulikuwa uani na mama, wawili tu, tunachambua pamba, safi huku, fifi kule. Nikamuuliza.

"Mayu, asubuhi ile baba alitaka kusema nini?"

Mikono yake haikusimama. "Hakuwa na sauti tena. Ni mimi niliyepiga. Nikamwekea simu sikioni, nikamwambia msubiri mwanao, anapokea sasa hivi. Akasikiliza."

"Alisikiliza nini, na mimi sikupokea?"

"Ikiita. Akaisikiliza mpaka ikakata, akanionyesha kwa kidole nipige tena. Nikapiga. Ikikata, kidole."

Nikamuuliza alipiga mara ngapi. Akaokota pamba yenye madoa, akaiweka upande wa fifi.

"Nilipiga mpaka chaji ikaisha, mwanangu. Simu imeshazima, yeye bado ametega sikio. Sikumwambia."