Mikebuka ya Chadi

Kuna mlio mmoja unaonirudisha Kalemie hata niwe mbali namna gani: mlio wa msumari unaochomolewa kwenye ubao mkavu. Mara ya mwisho niliusikia bandarini Mpulungu, mpagazi akifungua sanduku la sabuni kwa nondo. Msumari ulilia kama kuku aliyekanyagwa, nami nikajikuta nimeziba mdomo kwa mkono, nikinusa chaki na nta ya mshumaa kana kwamba nina miaka tisa. Mpagazi akaniuliza kama nimeumia. Nikamwambia hapana, nimekumbuka nyumbani tu. Akacheka, akaendelea na sabuni zake.

Wakati huo nchi iliitwa Zaire, na sisi sote, hata watoto tusio na meno ya mbele, tuliitwa sitwayeni, yaani raia. Tulikaa katika nyumba za wafanyakazi wa reli, kwa sababu Papa alikuwa fundi wa mabehewa. Sebuleni, karibu na mlango, palikuwa na msumari mkubwa wa reli ambao Papa aliupigilia ukutani yeye mwenyewe, na kwenye msumari ule ulining'inia mkebe wa maziwa ya unga. Ulikuwa mkebe wa Yaya Kabwe, kaka yangu mkubwa.

Naweza kuufungua hata sasa nikiwa nimefumba macho. Nje umezungushiwa mshipi wa nailoni, safu juu ya safu, bila fundo hata moja. Ndani kuna ndoano zilizochomekwa kwenye kipande cha soli ya sandali, vipande vya risasi vya kuzamishia mshipi, manyoya meupe ya kuku ya kudanganyia samaki, na kipande cha mshumaa cha kupakia uzi. Vyote vilinuka ziwa. Yaya Kabwe hakuvua kwa kuuza. Siku sita alibeba mizigo bandarini, na Jumapili baada ya misa alikwenda kukaa kwenye mawe na mkebe wake mpaka jua liwe jekundu. Ukimuuliza amepata samaki wangapi, alijibu kwa Kiswahili chetu, ambamo "ndio" ni "njo", "Mimi nilienda kukaa. Samaki njo walikuja wenyewe."

Halafu akaingia jeshini, na mwaka mmoja baadaye tukasikia kwamba kikosi chake kimepelekwa Chadi. Alikuja kuaga siku mbili tu. Asubuhi ya kuondoka alitaka kuupakia mkebe kwenye begi lake, Mama akamzuia. "Acha kitu chako hapa," alisema. "Kitu kinamuvuta mwenyewe arudi." Kaka yangu akautundika, akaniangalia. "Feza, njo wewe mulinzi."

Miezi ikapita bila barua. Kila Jumamosi, kabla ya kwenda salongo, ile kazi ya umma ya lazima, Mama aliufuta mkebe vumbi kwa ncha ya kikwembe alichojifunga. Aliufuta, akaurudisha, akachukua jembe.

Sasa ndipo Direkta wa shule yetu alipotutangazia, siku ya kusalimu bendera, kwamba watoto wa Zaire watawatumia askari wetu walio ugenini vitu vya kupumzisha moyo. Si chakula, kwa sababu kitaoza. Si pesa, na hapo tulipiga makofi sana. Vitu vya kuchezea: karata, dama, nyuzi za gita, mipira, hata sindano za kroshe kwa askari mwenye mkono mwepesi. Ndege ya jeshi itapita kuvichukua. Mwalimu wetu, kijana wa Nyunzu aliyeogopa mashua kama paka, alitundika ramani ili tuone Chadi iko wapi. Akaweka fimbo juu ya doa dogo la buluu. "Na hili ni ziwa," alisema.

Angejua alichofanya, asingelitaja doa lile. Sisi tulikuwa watoto wa ziwa. Kwetu, mtu aliye karibu na maji Jumapili anavua, na asiyevua ni mgonjwa. Kesho yake nusu ya darasa ilikuja na ndoano. Papa aliposikia alicheka mpaka akakohoa. "Na chambo? Chambo atabeba nani? Rais?" Mama akamwambia afunge mdomo, kuta zina masikio.

Mimi sikuwa na kitu cha kupeleka. Mulongo, jirani yangu wa dawati, alileta dama aliyoitengeneza kwa vizibo vya bia, na akanitazama mikono mitupu kwa furaha kubwa. "Ndugu yako njo iko kule," alisema, "na wewe unaleta nini? Mate?" Darasa zima lilicheka.

Saa ya mapumziko nilikimbia nyumbani. Mama alikuwa sokoni. Nilipanda kiti, nikautoa mkebe. Sikuona kosa lolote. Darasani wangapi walikuwa na kaka kule Chadi? Mkebe ungefika, angeutambua, angejua kwamba mlinzi wake hajalala. Nilimkabidhi mwalimu, nikamtazama Mulongo, nikakaa.

Jioni Mama aliingia na kikapu kichwani. Hata hakukitua. Alisimama akiutazama msumari mtupu.

"Mukebe wa Kabwe uko wapi?"

Nikamweleza kwa fahari. Nilikuwa bado nasema jina la Direkta, Mama alipokaa chini sakafuni na kikapu chake, dagaa wakamwagika.

"Umegawa vitu vya ndugu yako," alisema. "Mutoto wangu, umegawa vitu vyake."

Ndipo nilipoelewa. Kwetu vitu vya mtu hugawanywa mara moja tu: siku ya kumaliza matanga. Shati kwa mjomba, jembe kwa mdogo wake, redio kwa mkubwa. Vikishagawanywa, mwenyewe hana tena mlango wa kurudia. Mimi, kwa mikono yangu, nilikuwa nimemaliza matanga ya mtu ambaye hatukuwa na habari kama ni mzima au amekufa.

Sikula. Papa alijaribu kusema ni mkebe tu, ni bati. Mama aliendelea kuokota dagaa.

Asubuhi alinishika mkono mpaka shule. Sanduku la darasa letu lilikuwa limekwisha kupigiliwa misumari, limewekwa kwenye baraza ya ofisi likingoja lori. Mama alimsalimia Direkta kwa heshima, akaeleza, akaomba lifunguliwe.

"Mama, haiwezekani. Hili sasa ni sanduku la taifa."

"Vizuri," alisema Mama. Akatandika kikwembe chake juu ya sanduku la taifa, akakaa.

Direkta alikuwa amevaa abakosti, suti yake nzito ya siku kubwa, na jua lilikuwa linapanda. Aliingia ofisini, akatoka, akaingia tena. Alimwambia Mama kwamba watu wanafungwa kwa mambo madogo kuliko hayo. Mama akamwambia, "Wanifunge pamoja na sanduku, basi, maana sishuki." Wanafunzi walikuwa wamejaa madirishani. Mwishowe Direkta alimwita mlinzi wa shule aje na nyundo, na hapo ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza mlio ule, msumari baada ya msumari.

Mkebe ulikuwa juu kabisa. Direkta akautoa mwenyewe, akampa Mama kwa mikono miwili. "Haya Mama, beba, uende na amani."

Mama hakuupokea. Sikuamini macho yangu.

"Kilichogawiwa hakirudi nyumbani hivi hivi," alisema. "Kikirudi kinaingia na kifo. Mimi sikuja kukibeba. Feza, okota msumari mmoja. Andika jina lake."

Yeye hakujua kuandika. Nilipiga magoti barazani, nikakwaruza bati kwa msumari wa sanduku: KABWE. Msumari uliteleza, W ikatoka kama ngazi iliyovunjika. Mama akaitazama muda mrefu, ingawa hakuweza kuisoma.

"Sasa hatukugawa. Tumemupelekea mwenyewe. Kugawa ni kingine, kupeleka ni kingine." Akamgeukia Direkta. "Funga sanduku lako, Papa. Asante."

Lori lilikuja mchana. Tuliimba.

Yaya Kabwe alirudi baada ya mvua mbili, kwa treni ya kutoka Kabalo. Alikuwa amekonda, ngozi ya uso imebanduka kama rangi ya mashua, lakini alikuwa na mikono yake na miguu yake. Mama hakumkumbatia kwanza. Alisimama mbele yake pale stesheni, akamuuliza swali ambalo najua alilitunza tangu siku ile ya barazani.

"Mukebe wako ulikufikia?"

Mimi nilikuwa nyuma ya kikwembe chake. Kaka yangu hakuelewa, nililiona hilo usoni mwake. Halafu macho yake yakashuka, yakanikuta mimi. Sijui aliona nini. Nadhani nilikuwa nalia bila sauti.

"Ulinifikia, Mama," alisema. "Nilivua nao kila Jumapili."

"Ulipata nini?"

"Mikebuka. Mikebuka minene hivi."

"Kumbe," alisema Mama. Ndipo akamkumbatia, na kilio chake kikawafanya wapagazi wageuke.

Nilikua na amani hiyo. Mkebe wangu ulifika, kaka yangu alikula mikebuka huko Chadi. Yeye alipata kazi kule Bendera, kwenye mtambo wa umeme, akaoa. Na nilipokuwa mwaka wa mwisho wa sekondari, salongo ya Jumamosi moja ilitupeleka kusafisha ghala kuukuu upande wa kiwanja cha ndege. Nyuma ya magunia yaliyooza tulikuta masanduku. Mchwa walikuwa wamekula karata na mbao za dama. Tulipochomoa misumari ya sanduku la tatu nilijua kabla ya kuona. Mkebe ulikuwa na kutu, manyoya yamekuwa vumbi, lakini W yangu iliyovunjika ilikuwa palepale.

Nilitembea nao mpaka nyumbani polepole, nikitafuta maneno ya kumwambia Mama kwamba mwanawe alimdanganya. Nilimkuta akichambua maharagwe. Aliupokea, akaupangusa kwa ncha ya kikwembe, akainuka na kuutundika kwenye msumari wa reli, ambao miaka yote ile hakuna aliyeruhusiwa kuung'oa.

"Ulipelekwa, haukumukuta mwenyewe, umerudi," alisema. "Ni sawa."

"Mama, lakini Yaya alisema…"

"Feza. Mimi nimezaliwa Zongwe. Baba yangu alikuwa mvuvi, na babu yangu." Akarudi kwenye maharagwe. "Mukebuka iko katika ziwa letu hili tu. Mikebuka ya Chadi!" Akacheka mpaka akajifuta machozi. "Nilimusikia, nikasema, eh, huyu mutoto anaficha kosa la dada yake. Basi, ni mutu muzima, na akili zake zimerudi naye."

Baadaye nilimuuliza Yaya Kabwe. Alisema kule alikokaa maji ya kunawa uso yalikuja kwa gari, na ziwa la ramani hakuliona hata siku moja.

Nimetembea sana tangu hapo. Kigoma, Uvira, Lubumbashi, Mpulungu. Kila mahali nakaa kidogo, kisha miguu inawasha. Kwa miaka mingi nilidhani siku ile stesheni uongo ulikuwa mmoja, wa kaka yangu. Kumbe ulikuwa wa watu wawili, na "kumbe" ya Mama ndiyo iliyokuwa nzito zaidi kuibeba. Walinipa wote wawili, kimya kimya, nikiwa nimejificha nyuma ya nguo.

Siku nilipopanda meli ya kwanza kwenda Kigoma, Mama aliniomba nimwachie kitambaa changu cha kichwa, kile cha kijani cha shule. Sikumuuliza cha nini. Sasa yeye hayupo, na nyumbani anakaa mtoto wa Yaya Kabwe. Mwaka jana mkewe alinipigia simu. Walikuwa wanapaka chokaa sebuleni, na karibu na mlango kuna msumari wenye mkebe wa kutu na kitambaa kimoja cha zamani. Akaniuliza, "Shangazi, niondoe?"

Nilimwambia apake kuzunguka msumari.