Mwalimu wa Gehandu Mwenye Jina Langu

Nilikuwa nashona barazani kwa mzee mmoja mwenye duka la vitambaa Dongobesh, mkoa wa Manyara ukiwa bado mpya, nilipoambiwa kwamba mimi ni mwalimu katika kijiji cha Gehandu.

Aliyeniambia alikuwa mteja. Nilimwandikia risiti ya gauni lake, akaisoma mara mbili.

“Dada, wewe na mwalimu wetu kule nyumbani Gehandu mna jina moja.”

“Majina yanafanana.”

“Yote matatu?”

Nilisimamisha cherehani. Jina langu la kwanza ni la ubatizo, wengi wanalo. La baba, sawa. Lakini la babu lilitokana na jambo lililotokea nyumbani kwao siku aliyozaliwa, na sijawahi kulisikia katika ukoo mwingine.

Mimi darasa la saba nilimalizia kijijini kwetu, juu ya Tlawi, wakati mitumba ndiyo imeanza kujaa minadani. Darasani nilikuwa wa pili au wa tatu. Majina ya waliochaguliwa kwenda sekondari yaliposomwa, langu halikuwemo. Mwalimu mkuu alimpa mama pole, na mama akampelekea debe la maharage kwa kumshukuru.

Jumapili baada ya maneno ya yule mteja nilipanda nyumbani. Baada ya shikamoo nilimuuliza mama kama kuna mtu aliwahi kuchukua karatasi zangu.

“Mwalimu mkuu aliomba cheti chako cha ubatizo,” alisema. “Eti anajaza takwimu. Alikirudisha baada ya wiki mbili.”

“Na wewe ukampa tu?”

“Mwanangu, mwalimu akiomba karatasi, utamuuliza ya nini?”

Mwalimu mkuu alikuwa ameshafariki, kwa hiyo nilianza kuwashuku waliobaki. Nilimshuku karani wa kijiji. Niliwashuku wenzangu wa darasani. Njiani kurudi Dongobesh nilimshuku hata mama, nikajiuliza kama kweli alikitoa bure. Najionea aibu kuyaandika haya, lakini ndivyo nilivyokuwa.

Nilipata lori la mnadani hadi Katesh, kesho yake nikafika Gehandu. Mwalimu alikuwa wa umri wangu, mrefu, mikono ina chaki. Nilijifanya mzazi anayetafutia mtoto nafasi, nikamuuliza jina. Akalitaja lote bila kusita.

“Babu yako aliitwa hivyo kwa nini?”

Alijipangusa chaki mikononi.

“Kila mtu kwetu anajua,” nilisema. “Mimi ni mjukuu wake.”

Alinishika mkono, akanipeleka nyuma ya darasa ili watoto wasisikie. Alisema mjomba wake, yule mwalimu mkuu wetu wa zamani, ndiye aliyempeleka sekondari, akamwambia wakiita jina hilo aitike. “Wiki ya kwanza waliita, nikakaa kimya. Nikachapwa kwa kutoitika. Baadaye nikazoea.”

“Hukujiuliza mwenyewe yuko wapi?”

“Niliambiwa umekufa.”

Sikujua kama nimwamini. Mpaka leo sijui. Alipouliza kama nitamshtaki, niligeuka nikaondoka.

Babati, makao makuu ya mkoa, afisa elimu aliyenipokea alifungua faili la mwalimu, akanitazama juu ya miwani. “Huyu ana cheti cha kidato cha nne, cha ualimu, na barua ya ajira. Wewe una nini?”

“Mimi ndiye mwenyewe.”

“Hilo hata yeye anasema.”

Alinitazama kama tapeli, nami nilianza kuyasikia maneno yangu kama ya mtu anayedanganya. Nilirudi Mbulu, nikamwomba paroko anifungulie daftari la ubatizo. Mstari wangu ulikuwepo: mama, baba, na mama wa ubatizo, ambaye bado alikuwa hai. Yule mama wa ubatizo alipanda basi nami hadi Babati, akamwambia afisa, “Huyu nilimbeba mimi mwenyewe kanisani. Huyo mwingine mleteni aniambie mimi ni nani.”

Walimwita yule mwalimu, akashindwa kumtaja.

Uchunguzi ulichukua karibu mwaka. Mwalimu alifukuzwa kazi, akahama Gehandu. Nilidhani nitafurahi. Nilipopata barua ya kunijulisha nilikaa na mkasi mkononi, nikawafikiria watoto aliokuwa akiwafundisha darasa la tatu, na hasira yangu kwa marehemu mwalimu mkuu ikakosa mahali pa kwenda.

Nilijiandikisha kusoma sekondari kama mtu mzima, jioni baada ya kushona. Siku ya kujiandikisha karani wa shule aliniambia niache cheti cha ubatizo mezani, nikifuate kesho.

“Nitasubiri,” nilisema.

“Mama, kuna foleni, na mashine ya kopi iko mjini.”

“Twende wote mjini.”

Alicheka, akidhani natania. Alipoona sitoki alimtuma mwenzake, nami nikamfuata hatua kwa hatua hadi kwenye mashine. Kopi ya kwanza ilitoka na doa jeusi, akaitupa kwenye kapu la takataka. Nikainama, nikaiokota, nikaichana vipande vidogo mbele yake. Ile nzuri niliandika juu yake kwa kalamu, kutoka kona hadi kona: “Ya kujiandikisha shule tu.”