Chuma cha Baba Mdogo na Ugoro wa Nyanya

Mwezi uliopita nilikwenda hospitali ya Kapkatet kumwona mjukuu wa ndugu yangu, msichana wa siku mbili. Nilikuwa nimefunga kitu kidogo kwenye pindo la leso, na nesi wa mlangoni aliliangalia fundo lile mpaka nikaona haya. "Kogo, umefunga nini hapo?" akaniuliza, akiniita bibi kwa lugha yetu. "Hapa haturuhusu dawa za nyumbani." Nikamwambia ni nauli. Sikumdanganya sana, maana nauli nayo ilikuwamo. Nilipoketi kando ya kitanda, redio ya mgonjwa wa jirani ikaanza wimbo wa kanisa, na ndani ya wimbo kulikuwa na gita lile linaloteleza, linalopanda na kushuka kama mtu anayelia huku akijizuia. Baba yangu mdogo alikuwa akipiga hivyo, na alikufa nikiwa na miaka kama minane.

Wewe rafiki yangu unanijua, siamini mambo upesi. Maziwa ya kununua nayanusa mbele ya muuzaji, na barua naisoma mara ya pili nikitafuta kilichofichwa. Nilirithi kwa nyanya, mama yake baba. Nyanya alishuku hata maziwa aliyoyakamua mwenyewe. Jioni akisugua kwa mkaa kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, alikinusa mdomo mara tatu, akanipa na mimi ninuse, kisha bado akamwuliza mama ni nani aliyekigusa. Barabara ilipopasuliwa kwenda kwenye mashamba ya chai, alisema njia iliyonyooka namna ile lazima kuna mtu inamtafuta. Harufu ya mkaa ule na maziwa yaliyoganda bado iko puani mwangu, na siku nyingine huwa nageuka nikidhani amesimama nyuma yangu.

Baba mdogo alikuwa kitinda mimba wake. Alianza kazi jikoni kwa mzungu mmoja aliyekuwa na santuri za visiwa vya mbali, na huko ndiko alikosikia gita likilazwa mapajani na kupigwa kwa chuma badala ya vidole. Mambo ya pesa yalipoharibika kila mahali, mzungu akafunga mizigo akaondoka, na gita likabaki kwa baba mdogo, likiwa limepungukiwa waya mmoja. Nani angeamini kwamba alipewa? Nyapara alikuja kuuliza. Majirani waliuliza bila kuuliza, kwa kukaa sana. Nyanya mwenyewe alisema mzungu hawezi kutoa kitu kinacholia, ila kwa nyapara aliapa kwamba yeye mwenyewe alikuwepo mwanawe alipokabidhiwa gita, ilhali hakuwahi hata siku moja kukanyaga kwa mzungu yule.

Baadaye alipata kazi ya kupaka mafuta mashine katika kiwanda cha chai. Huko akaokota kipande cha chuma cha mviringo, kirefu kama kidole cha kati, kwenye mashine iliyotupwa. Akakisugua kwa mchanga na majivu hadi uso ukaonekana ndani yake. Kila Jumamosi kazi ya kukisugua ilikuwa yangu. Nikimaliza anakipokea, anakikagua, kisha ananirudishia kiganjani nikishike kidogo kabla hajakifunga kwenye kitambaa. Kilikuwa kizito na chenye joto la mikono yetu sisi wawili. Nilimpenda sana baba mdogo, na nadhani nilianzia kumpendea hapo.

Alikuwa ameingia kwa wasomaji, kama walivyoitwa Wakristo siku zile. Kanisa lilikuwa kibanda cha udongo na nyasi, kati ya kambi ya wafanyakazi na kilima chetu. Jumapili walikuja watu wa upande wa ziwa na watu wa vilima vya magharibi, mablanketi yao yakinuka moshi na majani mabichi ya chai, na wengi walisimama nje kwa sababu hawakuwa waumini. Walikuja kwa ajili yake. Akitelezesha kile chuma kwenye nyuzi, hata mtu asiyejua wimbo aliuona unakoelekea. Mwalimu wa kanisa hakufurahi sana, maana kwake gita lilikuwa kitu cha vibanda vya pombe. Alisimama karibu na kutazama miguu ya watu, kama kuna itakayocheza. Mfanyakazi mmoja mrefu kutoka ziwani aliniambia siku moja, "Hii chuma iko na mtu ndani. Mimi nasikia anaita wenzake." Nikakimbia kumweleza nyanya. Hakucheka.

Yeye kanisani hakuingia. Lakini kila Jumapili, gita lilipoanza, alikuwa nyuma ya ukuta ule akichuma mboga za isagek. Mboga za pale zilikuwa na vumbi na wadudu, na tulikuwa na nzuri zaidi mlangoni.

Wakati wa mvua za masika baba mdogo alitoka kwenye joto la chumba cha kukaushia majani, akatembea kwenye mvua mpaka nyumbani, na kichomi kikamshika. Alilala siku tano. Siku ya mwisho alimwambia nyanya, "Mama, usinililie. Ninakwenda mbinguni, na huko wanaimba." Nyanya alimvutia blanketi tu. Walimzika wasomaji, kwa jeneza la mbao na maombi, jambo ambalo kilimani kwetu lilikuwa geni bado. Wafanyakazi waliimba bila gita na sauti zao zilipotea njia mara nyingi. Nyanya alitaka chuma kizikwe naye ili mtu mwingine asije akakichezea. Alikileta mwenyewe kikiwa kwenye kitambaa chake, akakitia jenezani. Sote tuliona.

Hakuwa ameoa, hakuwa na mtoto. Hapo ndipo palipokuwa na uchungu wenyewe. Kwetu mtoto akizaliwa, wanawake humkusanyikia wakaita majina ya marehemu wa ukoo, moja baada ya jingine, na jina ambalo mtoto atapiga chafya likitajwa, basi huyo ndiye aliyerudi. Ugoro kidogo husogezwa puani kumsaidia. Marehemu aliyeitwa akaitika anabaki nyumbani, anapewa maziwa, anagombezwa, anatumwa. Asiyeitwa anasahauliwa, kama vile hakuwahi kuketi na watu. Mama alikuwa mjamzito. Nilihesabu miezi kwa vidole, nikaona baba mdogo hana safari ndefu.

Halafu mwalimu akaja. Alimwambia baba kwamba msomaji haiti wafu, na baba, ambaye alikuwa amebatizwa mwaka uliotangulia, akampa mkono kwamba hataita. Tumaini langu likawa nyanya. Nilimfuata mtoni nikamwuliza kama atamwita baba mdogo. Akatua mtungi.

"Yule alituaga," alisema. "Alisema kwa mdomo wake anakwenda wapi. Mimi siiti mtu aliyeniaga. Akae huko."

Nilikwenda zizi la ndama nikalia mpaka ndama wakanilamba. Nilimchukia nyanya, nakwambia ukweli. Nilimwona ni mwanamke mwenye kinyongo anayemfuta mwanawe kwa sababu mwana huyo alimshinda katika mabishano ya dini.

Wiki chache baadaye nilirudi na kuni mapema kuliko alivyotegemea. Alikuwa nyuma ya ghala anasaga tumbaku na magadi kwenye jiwe lenye shimo. Jiwe la kusagia lilikuwa pembeni, halina kazi. Alichoshika kilimeta. Aliponiona alikiingiza chini ya paja, polepole, bila hata kubadilisha uso.

"Umeona nini?"

"Sijaona kitu."

"Basi endelea kutokuona."

Mpaka leo nashuku kwamba kilichozikwa na baba mdogo ni gunzi la mahindi.

Mtoto alizaliwa alfajiri, wakati wa kukamua, na alikuwa mvulana. Baba alikwenda kuwatafuta ng'ombe ambao hawakuwa wamepotea. Wanawake wanne wa ukoo walijaa jikoni, moshi ukituuma macho, na mimi nikajibanza nyuma ya mama nikitazama vidole vya nyanya. Alimwita babu. Akawaita ndugu za babu. Kila jina alilitamka kwa heshima na kupitisha vidole mbele ya pua ya mtoto, na mtoto akalala tu. Wale wanawake walianza kutazamana. Mimi nilikuwa nimeona jambo ambalo wao, kwa sababu ya moshi, hawakuliona: vidole vile vilikuwa vitupu, bila ugoro. Kibuyu chake cha ugoro kilikuwa bado kimezibwa.

Kisha akakohoa, akajigeuza kama anayepunguza ganzi ya mguu, na mkono mmoja ukapotea kwenye nguo yake. Akamwinamia mtoto akalitaja jina la baba mdogo, kwa sauti ndogo, kama mtu anayeulizia chumvi. Jina lenyewe silitaji hapa. Mwenye nalo yuko hai. Mtoto akapiga chafya mara mbili. Wanawake wakapiga vigelegele, mama akalia, na nyanya akajifanya amekasirika. "Nilijua," alisema. "Huyu hajawahi kutulia mahali." Akatoka nje, na kwa muda mrefu hakurudi.

Mwalimu alipokuja kuuliza vigelegele vilikuwa vya nini, alimjibu kwamba mtoto amepiga chafya kwa sababu ya baridi. Baba alitazama chini. Lakini tangu siku ile, akifurahi, alimwita mwanawe "ndugu yangu".

Nimemchunguza mdogo wangu maisha yangu yote. Hajui kuimba. Kanisani walio karibu naye husogea. Lakini ndiye aliyekunywa maziwa ya baba mdogo na kulima shamba lake. Nyanya mwenyewe, mwaka wake wa mwisho, aliomba abatizwe. Mwalimu alishangilia, mimi nikashuku. Nilimwuliza kulikoni.

"Nataka kuhakikisha," alisema. "Ikiwa chafya ile ilikuwa ya ugoro tu, basi yuko kule aliposema. Nitamkuta."

Kibanda cha kanisa hakipo tena, pale sasa ni chai mpaka ukingo wa barabara. Gita lilining'inia kwenye nguzo ya kanisa hadi panya wakalimaliza. Kiwandani hakuna anayejua kwamba mfanyakazi wao mmoja wa kupaka mashine mafuta aliwahi kuwaliza watu wa makabila matatu kwa kipande cha chuma. Watoto huzaliwa hospitalini, na jina limeshaandikwa kwenye utepe wa mkono kabla hajapatikana mwanamke wa kufungua mdomo. Hao waliokuwa wakiitwa sijui sasa wanakaa wapi. Jambo hilo linaniuma.

Chuma ninacho mimi. Ugoro uliokuwa kwenye leso yangu niliusaga nacho siku ile asubuhi.

Mama wa mtoto alipokwenda kuoga, na nesi yuko mbali, nilimwinamia yule msichana. Vidole vyangu vimezeeka, na fundo nilikuwa nimelikaza sana. Nikiwa bado nahangaika nalo, jina la nyanya likanitoka, kwa sauti ndogo. Mtoto akapiga chafya. Dawa ya kusugua sakafu ilinuka sana wodini, huenda ni hiyo. Akafungua jicho moja, akanitazama mimi, kisha akaitazama leso.

Nesi alikuwa ameshafika nyuma yangu. "Kogo, umemfanya nini mtoto?"

Nikamwonyesha fundo. Lilikuwa bado limefungwa.