Bukari ya Mtu Mmoja

Niliporudi Kamina, kwetu Kongo, baada ya miaka minne ya masomo Zambia, mama alinipa mwiko. Ilikuwa Jumapili, tumetoka ibadani, na nyumba yetu ya kambi ya reli ilikuwa na watu saba wenye njaa. Nikasonga bukari, yaani ugali wetu. Nikamtengea baba sahani yake kwanza, kama ilivyo desturi, kisha nikachungulia sufuria. Kilichobaki hakikutosha kumshibisha hata mdogo wangu wa kike peke yake.

Mkono ulikuwa umesahau. Kule hosteli kila mwanafunzi alikuwa na jiko lake la umeme na mlango wake uliofungwa, nami miaka yote ile nilisongea tumbo moja. Nilitegemea watanitania, maana kwetu msichana ambaye bukari yake inaishia njiani hachelewi kubandikwa jina. Hakuna aliyetania. Mama alichukua mwiko, akateleka maji mengine, akauliza bila kunitazama:

"Kule ulikuwa unakulaka na nani?"

"Na bantu," nikasema.

Watu gani? Ulikuwa uongo mtupu, na mama alijua.

Baba hakusikia, au hakutaka kusikia. Amefanya kazi relini tangu ujana wake, na kwake yeye kusafiri ni jambo jema siku zote. Tulipokwisha kula aliniagiza nimweleze mdogo wangu faida za kusoma nchi ya jirani, kwa sababu yeye ndiye angefuata na alikuwa anasitasita. Neno langu lingemsukuma au lingemzuia.

Tukakaa nyuma ya nyumba tukiosha vyombo. Nikaanza: Kiingereza, maabara ambamo kila mwanafunzi ana hadubini yake, kazi niliyoahidiwa hospitalini kabla hata sijafungua sanduku. Yote yalikuwa kweli.

"Yaya, unasema sawa pasta mu kanisa," akanikatiza; kwetu dada mkubwa ni yaya. "Sema yenye iko mu roho."

Basi nikasema. Nikamweleza juma nililougua malaria, nikalala siku tano nikisikiliza nyayo zikipita mlangoni, asigonge mtu. Hawakuwa wabaya. Hakuna tu aliyenizoea kiasi cha kuona kwamba sipo. Nikamweleza Jumamosi nilizokwenda sokoni kusimama karibu na akina mama wa Kikongo waliouza vitenge, sinunui kitu, nasikiliza tu Kiswahili chetu. Na kila nilipopiga simu nyumbani nilisema niko salama.

Alisuuza sahani moja kwa muda mrefu.

"Basi nitaenda," akasema. "Weye haukukuwa na muntu wa kuambia. Minyi niko na weye."

Akaenda. Miezi miwili ya kwanza alinipigia kila siku, mara nyingi akilia, nami nilimsikiliza na kumsimulia yangu. Naona haya kusema hivi, lakini nilizipenda simu zile. Nyumbani wananipenda, ila nikianza kusimulia ya kule wananiuliza lini nitavaa koti jeupe.

Kisha simu zikapungua. Juzi nilimpigia mimi. Nyuma yake palikuwa na vicheko vya wasichana.

"Yaya, nitakuita kiisha. Barafiki bananingoya."

Nilifurahi kwa ajili yake, kweli nilifurahi. Nikakaa na simu mkononi mpaka jua likazama. Hakupiga, na sikuwa na mtu mwingine wa kumwambia.