Chupa Zenye Majina

Katika mji wa Ambrose, Kentucky, mtoto hujua harufu ya bourbon, wiski ya mahindi, kabla ya kujua jina la padri. Asubuhi kiwandani wanapopika mahindi, harufu tamu kama ya uji ulioshika chini kidogo hushuka bondeni na kuingia majumbani bila kupiga hodi. Miti iliyo karibu na maghala ina magome meusi tititi, kwa sababu mvuke unaotoka kwenye mapipa huulisha ukungu mweusi unaoota kwenye miti na kuta, usiosugulika. Wenyeji hawaoni ajabu. Mgeni akihamia akaipaka nyumba yake rangi nyeupe, wanamhurumia tu, wanamwacha ajifunze mwenyewe.

Ilene Cissell alizaliwa hapo, akakulia nyuma ya kaunta ya duka la vileo la baba yake, mzee Leo, na baba alipofariki akalirithi pamoja na mizani ya kale isiyopima kitu na kiti kimoja kibovu ambacho wateja walikigombania. Mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, nywele kazikata fupi tangu alipofiwa na mume. Alikuwa na namna yake ya kuonja wiski aliyofundishwa na mzee: anadondosha matone kiganjani, anasugua mikono mpaka ikauke, kisha anaifunika pua na kunyamaza. Alichonusa hapo hakikumdanganya hata mara moja.

Alikuwa na apendazo, naye hakuwaficha watu. Jioni za baridi alitaka bourbon iliyotiwa ngano, laini, isiyomparura koo. Ya kila siku ilikuwa ile ambayo mji mzima uliiita Kizibo Chekundu, ya bei ndogo, na mtu akiidharau mbele yake alikuwa anatafuta ugomvi. "Hiyo imelea nyumba nyingi hapa kuliko wewe," alimwambia siku moja kijana wa Louisville aliyekunja pua. Lakini juu ya zote aliiweka Abell's Ford, iliyokaa miaka mingi ghorofa ya juu ya ghala, kwenye joto, ikatiwa chupani vilevile ilivyotoka kwenye pipa, bila tone la maji. Ilikuwa na harufu ya sukari guru na ganda la chungwa, na nyuma yake kitu kama ngozi ya tandiko la farasi lililolowa mvua.

Zamani Abell's Ford ilikaa rafuni kama chupa nyingine yoyote. Mtu alinunua mtoto akibatizwa, au tumbaku ikiuzwa vizuri. Kisha matajiri wa miji ya mbali wakaigundua, wakaanza kuitafuta kama watu watafutavyo dhahabu, na si kwa kuinywa. Wakawa wanaiuziana mitandaoni kwa bei ya kumtoa mtu jasho. Msambazaji akapunguza mgawo wa Ambrose mpaka zikabaki chupa chache tu kwa msimu, na hizo chache zilipofika, magari ya namba za majimbo mengine yalikuwa yameshajipanga mlangoni. Kinyozi hajinyoi, wahenga walisema, na watu wa Ambrose wakawa ndio kinyozi. Waliipika, waliilaza, waliilinda, kisha wakaisoma kwenye magazeti.

Ilene alivumilia, kwa kuwa biashara ni biashara. Lililomvunja moyo lilikuwa jambo dogo. Alikuja mwanamume mmoja wa Ohio, mpole, koti zuri, akasema anamtafutia baba yake mgonjwa chupa moja ya Abell's Ford. Ilene alikuwa amebakiwa na moja, akampa, tena akamwombea mzee afya. Hata chai yake haijapoa, Corrine, binti wa kaka yake aliyekuwa akimsaidia dukani, akamletea simu.

"Shangazi, hebu angalia hapa."

Ilikuwa picha ya chupa ileile, inauzwa. Imewekwa juu ya boneti ya gari, na nyuma yake lilionekana bango la duka la Cissell. Mtu yule hakuwa amengoja hata kutoka kwenye uwanja wao wa kuegesha.

Ilene alirudisha simu, akaingia stoo. Mgawo wa majira ya baridi ulipokuja, alikwenda kwenye duka la vifaa vya shule akanunua maka pen nyeusi, ile isiyofutika. Kuanzia siku hiyo, kila chupa adimu iliyotoka dukani kwake aliiandika jina la mnunuzi kwenye lebo, kwa herufi kubwa, kwa mwandiko wake aliofundishwa na masista. Watu wa kukusanya hutaka lebo safi kama shuka ya hospitali. Chupa yenye maandishi, kwao ni taka. Kwa mnywaji, ni bourbon ileile.

Yule wa Ohio alirudi, maana watu kama hao hawana haya. Ilene akaishika chupa kwa mkono mmoja na kalamu kwa mkono wa pili, akamuuliza jina lake.

"La nini, mama?"

"Nakuandikia."

"Ukiandika utaiharibu."

"Wino haupiti kioo, bwana. Kilichomo ndani hakitajua hata kama nimeandika. Au niandike jina la baba yako? Anaendeleaje, mzee?"

Mtu yule alitazama chini, akacheka kicheko kisichotoka tumboni, akaondoka mikono mitupu. Ilene alibaki amesimama, na uso wake, Corrine alisimulia baadaye, ulikuwa uso wa mtu aliyeshinda kesi. Chupa za mgawo huo zilinunuliwa na dereva wa basi la shule na mchimba makaburi wa parokia, na wote wawili walitoka wamezibeba majina yakitazama nje, ili watu waone.

Kwenye mgahawa wa Roscoe, wanaume wakinywa kahawa ya asubuhi, ikawa mada. Roscoe mwenyewe alimtania Ilene kwamba sasa ataandika majina mpaka kwenye mayai.

"Lako nitaliandika kwenye deni lako," Ilene akamjibu, na meza nzima ikamgeukia Roscoe.

Ila mzaha ni mzaha, na msambazaji hakucheka. Wayne, kijana aliyekuwa akileta mizigo, alimweleza kwa aibu kwamba wakubwa wake wamepata malalamiko: duka linaharibu bidhaa, linasumbua wateja. Masika mgawo ulipotoka, maduka yote ya wilaya yalipata kitu kidogo. La Cissell halikupata hata kizibo.

Ndipo akaja Hubert Riney.

Hubert alikuwa ameviringisha mapipa kwenye maghala ya kiwanda tangu ujana wake mpaka magoti yalipokataa. Hakuna mtu Ambrose aliyejua sauti ya pipa kama yeye. Aliingia dukani kofia mkononi, jambo ambalo Ilene hakulipenda, maana Hubert hakuwa mtu wa kuvua kofia dukani. Akaeleza kwamba mwezi wa Agosti yeye na Dolores wanatimiza jubilei ya dhahabu ya ndoa yao. Kutakuwa na misa, kisha chakula kwenye ukumbi wa parokia. Hakutaka kingine ila chupa moja ya Abell's Ford, kwa kuwa ilitoka kwenye ghala lake, na alikuwa hajaionja tangu astaafu. Alikuwa ameshatafuta miji ya jirani, Bardstown na Lebanon, amefika mpaka Louisville. Zilizopatikana zilikuwa ndani ya makabati ya kioo yenye kufuli, kwa bei ambayo mwanamume hawezi kumtajia mkewe.

Ilene alihisi kama amepigwa kofi. Alimwambia atamtafutia.

Akatafuta kweli. Jumapili baada ya misa na Jumatatu duka likiwa limefungwa, alizunguka na gari lake wilaya tatu. Wengine walimwambia imekwisha kabla hajamaliza kuuliza. Kwenye duka moja kubwa la barabara kuu, mwenye duka alimtazama kwa muda, akatabasamu.

"Si wewe ndiye yule bibie anayechora chupa?"

"Ndiye."

"Basi ungekuwa na yako, kama usingechora."

Maneno hayo alirudi nayo nyumbani, akayala badala ya chakula cha jioni. Yalikuwa ya kweli, na hapo ndipo palipouma. Fahari yake yeye, gharama anailipa Hubert. Asubuhi akampigia Wayne. Wayne akasema akiahidi tu kuacha kuandika, chupa moja haitakosekana. Yeye mwenyewe atamletea. Ilene akamwambia atafikiri.

Jioni alikwenda kwa Riney. Aliwakuta barazani, Dolores anamenya maharage, Hubert ameweka mguu juu ya ndoo. Akawaeleza yote bila kupunguza, hata lile la mwenye duka wa barabara kuu. Akasema yuko tayari kuiweka kalamu chini.

Hubert alisikiliza mpaka mwisho. "Ilene," akasema, "mimi nimeyaviringisha yale mapipa kwa mikono hii. Wakati mwingine nilijiuliza naviringisha kwa ajili ya nani. Ulipomtimua yule mtu, nilikaa hapahapa nikacheka peke yangu mpaka huyu akadhani nimepata kiharusi."

"Kweli nilidhani," Dolores akasema, hakuinua macho kwenye maharage.

"Ukiacha kuandika kwa ajili yangu, hiyo chupa sitainywa. Tutakunywa Kizibo Chekundu. Ndiyo tuliyonywa siku ya harusi."

Ilene alirudi na hakumpigia Wayne tena. Alikuwa na amani, lakini ni amani ya mtu aliyekubali hasara, na Agosti ilipokaribia alitenga makasha ya Kizibo Chekundu kwa ajili ya ukumbi, akajisemea kwamba yanatosha.

Kiwanda kilikuwa na desturi moja: kila mfanyakazi hupewa chupa ya Abell's Ford mwishoni mwa mwaka. Kila mtu alijua kwamba chupa hizo, nyingi zake, ziliuzwa kwa wageni kabla hazijafika nyumbani. Nani angemlaumu mtu mwenye watoto? Siku ya Alhamisi kabla ya sherehe aliingia Renita Grundy, msimamizi wa ghala, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe mlimani. Ndiye aliyeshika nafasi ya Hubert, na Hubert ndiye aliyemfundisha kazi wakati wengine walikuwa wakisema ghalani si mahali pa mwanamke. Akaweka juu ya kaunta mfuko wa karatasi.

"Niandikie," akasema.

Ilene akaitoa chupa. Lebo safi, lakiri haijaguswa.

"Renita, wajua hii utapata nini ukiiuza?"

"Najua vizuri. Ndiyo sababu nimekuja haraka. Kila nikipita kabatini inanitazama. Andika kabla sijabadili mawazo."

"Niandike Renita?"

"Andika Hubert na Dolores Riney. Na tarehe. Na mwandiko uwe mzuri, hii si ya dereva wa basi."

Ilene aliifungua kalamu. Alisema baadaye kwamba katika maisha yake hakuwahi kuandika polepole vile.

Jumamosi ukumbi wa parokia ulijaa. Kulikuwa na nyama ya nguruwe ya chumvi iliyokatwa nyembamba, mikate midogo, na masufuria ya mchuzi mzito uliochemka tangu alfajiri chini ya miti. Renita mwenyewe ndiye aliyeibeba chupa, akaipeleka meza ya mbele, akaiweka bila hotuba. Hubert aliyasoma majina, akayasoma tena, akatoa leso akajifanya anapenga kamasi. Aliivunja lakiri palepale. Watu wa mbali wangelia kuona hivyo. Watu wa Ambrose walisimama.

Alimimina kidogo, akainusa, akanywa, akafumba macho. Alisema tu, "Ghorofa ya juu, upande wa magharibi," na wanaume wa ghalani waliokuwa karibu wakatikisa vichwa kukubali.

Kisha akampelekea Dolores glasi. Dolores hakuwa mnywaji, kila mtu alijua. Alichukua glasi, akaiweka puani, akakaa nayo muda mrefu mpaka Hubert akaanza kuwa na wasiwasi.

"Ni shati lako," akasema mwishoni. "Miaka yote hii nafua shati, sikujua kwamba watu wanalipia harufu hii."

Ukumbi ukaangua kicheko. Lakini Dolores hakuwa akicheka. Alikuwa amenyoosha mgongo, ameinua kidevu, na alitazama watu kama mwanamke aliyeambiwa kwamba mfereji wake wa kufulia ulikuwa mfereji wa mfalme. Akanywa funda moja, akakohoa, akanywa la pili.

Chupa ilizunguka. Kila aliyewahi kufanya kazi kiwandani alipata cha kulowesha midomo, na padri akapata zaidi kidogo, kama ilivyo ada. Ilene alikuwa wa mwisho. Alidondosha matone kiganjani, akasugua, akafunika pua. Renita akamuuliza anasikia nini. Ilene akasema anasikia tandiko la farasi. Matone yaliyobaki aliyanywa.

Wiki iliyofuata watu walianza kuja dukani na mifuko ya karatasi. Mmoja alikuwa na chupa iliyokaa chini ya kitanda miaka miwili akingojea bei ipande. Mwingine alitaka jina la mama yake, aliyekuwa anatimiza miaka tisini. Hawakununua kitu, au walinunua Kizibo Chekundu kwa kuona haya, wakasimama mbele ya kaunta wakisubiri mwandiko. Corrine alisema ni biashara ya ajabu, kuvuta foleni ya watu wasiolipa. Ilene akamtuma akanunue kalamu nyingine.

Vuli ilipoingia Wayne alishusha mzigo wa kawaida, halafu akarudi kwenye lori akaleta kasha dogo. Ndani yake mlikuwa na chupa mbili za Abell's Ford. Ilene akamuuliza kama zina masharti.

"Hawajaniambia sharti lolote, mama. Nadhani wamechoka kuulizwa na watu wa kiwandani kwa nini Ambrose haipati."

Ilene akatia sahihi. Wayne alipoondoka, Corrine alizichukua chupa ili azifiche stoo kama walivyozoea. Shangazi yake akamzuia. Akapangusa vumbi kwenye rafu ya tatu, kati ya Kizibo Chekundu na zile za ngano, akaziweka hapo wazi, mahali zilipokaa wakati wa mzee Leo, kisha akaenda kufungua mlango.