Gari la Spoti la Fundi wa Matrah

Kila Ijumaa baada ya sala, fundi jirani yetu hapa Matrah hutufungulia maonyesho yake ya magari, nayo yana gari moja. Ni gari la spoti, ameliiga kutoka picha ya gazeti aliyokuja nayo kutoka Unguja, kwa bati la madebe na rangi nyekundu ya mashua, na amelijenga uani, penye mlango ambao hata punda huupita kwa kujibana. Wageni tunavua viatu, tunanywa kahawa kwanza, ndipo tunaruhusiwa kusifu. Yeye hupitisha kiwiko juu ya taa ambayo haijawahi kupata vumbi, akasema kwa ile sauti yake ya msikitini, "Nnangoja ruhusa ya Sultani ya kuwa na gari tu. Ikija, ntauvunja ukuta." Miaka mitano tumemwonea huruma na kuilaumu serikali, kazi ambayo haikutuchosha.

Mwaka huu wa sabini akaingia Sultani mpya, mambo yakafunguka, na Ijumaa iliyopita Bi Mahbuba, mwenye ukuta, akaja na nyundo. "Haya baba, ruhusa haitakiwi tena. Ukuta nimekusamehe." Fundi akafuta taa. Akafuta na ya pili. Bi Mahbuba hakungoja, akainua boneti mwenyewe. Mahali pa injini palikuwa pametandikwa kitambaa cheupe, na juu yake barua ya kuomba ruhusa, ya mwaka wa sitini na tano, imekunjwa vizuri, haijapelekwa popote. Fundi akaishusha boneti taratibu, akaipitishia kiwiko.

"Bi Mahbuba," akasema, "kahawa yako inapoa."