Muziki Hupimwa kwa Kilo

Mtaa mzima ulimwita Kilo, na jina hilo alilitolea jasho. Fundi huyu wa kufunga muziki kwenye magari alikuwa na imani moja tu maishani: spika njema ni ile inayomvunja mtu kiuno. Ukimletea nyepesi, aliipima mkononi kama anayeuziwa kuku mgonjwa, kisha akakurudishia. "Hii kamwekee mtoto achezee." Maboksi yake ya besi aliyaunda kwa mbao nene za milango. Gari likitoka kwake limechuchumaa nyuma, aliyatazama makalio yale kwa fahari ya mzazi.

Ubaya ni kwamba banda alilofanyia kazi lilikuwa mali ya shemeji yake, kaka wa mkewe. Shemeji alimwona Kilo ni mwizi aliyefanikiwa kuiba mara moja tu, na akamwibia yeye dada. Kilo alimwona shemeji ni tumbo lililoota miguu. Walisalimiana misibani.

Siku moja tumbo hilo likaingia bandani bila hodi.

"Shemeji, jana mama yangu alisukuma gari langu kilimani. Mama mzima! Kwa sababu ya mbao ulizonifungia."

"Mazoezi mazuri kwa umri wake."

"Sikiliza. Nataka kelele zilezile, lakini ziwe nyepesi. Gari lipande kilima mama akiwa amekaa. Ukishindwa, banda nampa fundi pancha."

"Muziki mwepesi ni uji wa maji matupu."

"Basi utakwenda kuunywea barabarani."

Fundi pancha alikuwa ng'ambo ya barabara, chini ya mwavuli uliotoboka. Kila asubuhi alilitazama banda lile kama mtu anayemtazama mke wa jirani. Kilo hakuwa na banda jingine, wala mtu mwingine wa kumpa.

Akang'oa maboksi huku akitukana. Milangoni akapachika spika bapa, chini ya kiti akasukumia amplifaya nyembamba kama kandambili iliyochakaa. Ikabaki besi. Besi inataka boksi, boksi ni mbao, na mbao ni uzito. Akaduwaa mbele ya buti tupu mpaka macho yake yalipotua kwenye tairi la akiba. Lile lilikuwemo siku zote, na hakuna aliyewahi kulilalamikia.

Akaipachika spika ya besi ndani ya tumbo la rimu, akaziba kwa faiba na gundi. Waya je? Kutoboa rimu ni kazi ya washamba. Akang'oa kijidomo cha kujazia upepo, akaupitisha waya katika tundu lake, safi, kama uzi kwenye sindano.

Alipowasha, vioo vya banda vikatetemeka. Akakasirika. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, na haikuwa na ubao hata mmoja.

Siku ya majaribio shemeji alishika usukani, mama mkwe akakaa mbele na mkoba mapajani, Kilo nyuma. Gari likakiparamia kilima likiimba. Mama akaupigapiga mkoba kwa vidole.

"Besi imezidi," shemeji akatafuta kasoro.

"Imekuzidi wewe."

Karibu na kilele, pa! Tairi la mbele likapasuka.

"Shuka utoe spea," shemeji akaamuru.

"Spea unaisikiliza."

Shemeji akaenda kufunua buti, kisha akarudi kuchukua spana. Akaishambulia faiba kwa mapigo ya mtu aliyesubiri ruhusa miaka mingi. Kilo alijua kwamba tairi lile halina upepo wala pa kuutilia. Neno moja tu lingeiokoa kazi yake bora. Lakini neno hilohilo lingemwokolea shemeji jasho, na hasara ya namna hiyo Kilo hakuiweza. Akakunja mikono.

Shemeji akafunga gurudumu, akateremsha jeki. Tairi likalala chini kama godoro la gesti.

"Upepo uko wapi?"

"Uliupisha waya."

"Na muziki mmeuzima?" mama mkwe akauliza dirishani. "Ndiyo kwanza ulikuwa unanoga!"

Ikabidi aitwe fundi pancha. Akaja na pikipiki, akaliona tairi, akaona mabaki ya faiba, akacheka mpaka akakaa chini.

"Bosi, wenzenu hujaza tairi upepo. Nyie mmejaza nyimbo!" Akapiga picha. Akawapigia wenzake simu waje waone. Alipomaliza kufunga tairi alilokuja nalo, akampiga shemeji begani. "Sasa, lile banda uliloniahidi nihamie lini?"

Shemeji aliutazama mkono ule begani mwake. Kisha akamtazama Kilo, aliyemchukia tangu siku ya harusi. Lakini Kilo hakuwahi kumcheka mbele ya mama yake.

"Banda gani?" akasema. "Lile lina mtu."

Fundi pancha akaondoka amenuna. Wote wakaingia garini.

"Usidhani nimekusamehe," shemeji akasema.

"Nani kakuomba?"

"Kesho utaniundia besi nyingine, ileile."

"Ukiomba kwa adabu."

"Shemeji, shuka."

Kilo akashuka. Gari likamaliza kilima bila hata kukohoa.